Hayati Mohamed Amin: Mtoto wa Mwashi na Kamera ya Shilingi 40

Miongoni mwa wana wa Afrika Mashariki waliojulikana pembe zote za dunia, wachache mno walifika huko kwa nguvu ya jicho lao peke yake. Hayati Mohamed Amin alikuwa mmoja wa hao wachache. Hakuwa mwanasiasa, hakuwa mwanajeshi, wala hakurithi mali. Alikuwa mpiga picha. Leo, ndugu msomaji, nataka nikusimulie maisha yake, na katika kusimulia nikueleze pia jambo moja la ufundi ambalo wengi hulipuuza mpaka liwatie hasara, nalo ni namna lenzi ya sinema inavyokaa, au inavyokataa kukaa, juu ya kamera ya mtu wa kawaida. Mambo haya mawili yamefungamana kuliko mtu anavyodhani.

Mohamed Amin alizaliwa Nairobi, katika mtaa wa Eastleigh, tarehe 29 Agosti 1943. Baba yake alikuwa fundi mwashi wa reli, mtu wa Punjab aliyekuja huku kutafuta riziki kama walivyokuja wengi. Kazi hiyo ya reli ndiyo iliyoihamishia jamaa yake Dar es Salaam, Mohamed angali mtoto. Huko ndiko alikokulia na kusomea, na huko ndiko alikopata kamera yake ya kwanza. Alikuwa na umri wa miaka 11. Kamera yenyewe ilikuwa Box Brownie ya Kodak, iliyokwisha tumiwa na mtu mwingine, naye akainunua kwa shilingi 40.

Wazee wetu wanakikumbuka kisanduku hicho. Ni boksi tu, lenye tundu mbele na kifungo pembeni. Ubora wake ulikuwa urahisi, na upungufu wake ulikuwa mmoja mkubwa: lenzi yake haitoki. Imefungwa na kiwiliwili cha kamera tangu kiwandani, na vitazikwa pamoja. Ukitaka kumwona kwa karibu mtu aliye mbali, huna budi kwenda kwa miguu yako mpaka alipo. Ukitaka kuingiza jumba zima katika picha, rudi kinyumenyume mpaka ukuta ukuzuie. Kijana Mohamed alijifunza kazi katika shida hiyo, na naamini ndipo alipopata ile tabia iliyomtofautisha na wenzake maisha yake yote, tabia ya kukaribia.

Mwaka 1963, akiwa hajatimiza hata miaka 20, alifungua shirika lake la picha mjini Dar es Salaam, akaliita Camerapix. Mwaka uliofuata yakatokea mapinduzi ya Unguja, naye akavuka bahari akaenda kuyapiga picha. Hapo ndipo mashirika ya habari ya ng'ambo yalipoanza kulisikia jina lake. Lakini televisheni haikutaka picha zilizosimama, ilitaka zinazotembea. Mohamed Amin akaingia katika sinema, na chombo alichoanzia kilikuwa kamera ya Bolex ya mkanda wa milimita 16.

Hapa yafaa tusimame kidogo, maana kamera hiyo ndiyo kiini cha maneno yangu. Bolex H16 ilianza kuuzwa mwaka 1935 na kampuni ya Paillard ya Uswisi. Haikutengenezwa kwa ajili ya majumba makubwa ya sinema ya Marekani. Ilikusudiwa watu wa kawaida wenye uwezo kidogo, daktari anayetaka kupiga picha watoto wake wakicheza, au mwalimu aliyekwenda safari. Haina haja ya umeme. Hutiwa ufunguo kama saa ya ukutani, na ufunguo ukijaa mkanda hukimbia kwa muda usiofika nusu dakika, kisha lazima uuzungushe tena. Roli moja ya futi 100 haifiki dakika tatu. Mpiga picha wa Bolex alilazimika kufikiri kabla ya kubonyeza, kwa sababu kila sekunde ilikuwa fedha.

Lakini kamera hiyo ya watu wa kawaida ilikuwa na siri moja mdomoni. Lenzi yake hutoka. Mdomo wake una hesi ya upana wa inchi moja, mizunguko 32 kwa kila inchi, na mtindo huo mafundi huuita mdomo wa C. Si Bolex peke yake iliyoufuata mtindo huo. Watengenezaji wengi wa Ulaya na Marekani waliufuata, kwa hiyo lenzi bora ya Kern ya Uswisi, au ya Angénieux ya Ufaransa, ambazo wapiga sinema wa kulipwa walizitegemea, zilikaa sawasawa juu ya kamera ya daktari na mwalimu. Kwenye uso wa Bolex kulikuwa na sahani inayozunguka, ikibeba lenzi tatu kwa mpigo: moja ya kuona kwa upana, moja ya kadiri, na moja ya kuvuta mbali. Kijana wa miaka ishirini na kitu, asiye na studio wala tajiri wa kumwinua, aliweza kusimama mahali pamoja na wapiga picha wa mashirika makubwa akaleta picha isiyopungua yao. Mlango huo ndio alioingilia Mohamed Amin.

Nimelikumbuka jambo hili kwa sababu ya kisa kilichotokea huku Werugha, katika milima ya Taita, ambako nimekuwa nikiishi kwa miaka kadhaa baada ya kutoka Mombasa. Huku ni nchi ya baridi na ukungu, watu wake ni wakulima wa mboga zinazoteremshwa kwenda kuuzwa pwani. Jirani yangu mmoja, kijana mwenye adabu na bidii, anajipatia riziki kwa kupiga picha za vidio za harusi na matanga, kuanzia hapa hadi Wundanyi na Voi. Kamera yake ni ya dijitali, ya mfumo uitwao Micro Four Thirds, si ghali sana. Siku moja alikuja kwangu jioni, akanieleza kwamba ameamua kumwuza ng'ombe wake wa maziwa ili anunue lenzi moja ya sinema iliyotumika, aliyoiona kwa muuza vyombo mmoja mjini Mombasa. Muuzaji alimhakikishia kwamba siku hizi lenzi yoyote hukaa juu ya kamera yoyote, mradi uwe na adapta.

Ndugu msomaji, ng'ombe wa maziwa kwa mtu wa Werugha si mchezo. Ndiye karo ya watoto na chai ya asubuhi. Nikamwomba kijana asubiri, nikamweleza kama ninavyokueleza wewe sasa.

Lenzi kazi yake ni kukusanya nuru. Ibn al-Haytham, yule mwanachuoni wa Basra aliyeishi Misri na kufariki yapata mwaka 1040, alikwisha kutufundisha kwamba jicho huona kwa nuru inayotoka kwenye vitu na kuingia ndani yake. Kamera ni hivyo hivyo. Nuru hupita katika lenzi ikakutana mahali pamoja nyuma yake, na mahali hapo ndipo mkanda wa filamu, au sensa ya kamera za leo, panapotakiwa kuwapo. Umbali kutoka kikalio cha lenzi mpaka kwenye mkanda umepimwa na fundi kiwandani. Kwa mdomo wa C umbali huo ni milimita 17.526. Ukiuongeza au ukiupunguza hata kwa kipande kidogo cha milimita, alama za umbali zilizochorwa kwenye lenzi husema uongo, na pengine mlima ulio mbali hautaonekana wazi hata ufanyeje.

Sasa basi, kamera ya jirani yangu ina umbali wa milimita 19.25. Maana yake, lenzi ya zamani ya Bolex ikitaka kukaa mahali pake haina budi kuzama ndani ya mdomo wa kamera hiyo kwa milimita 1.7 hivi. Adapta zake hutengenezwa kama kikombe ili lenzi izame, lakini zile zenye kiuno kinene hugonga ukingo zikakwama. Na hata ikizama, liko tatizo la pili. Lenzi iliyotengenezwa kwa picha ndogo ya mkanda wa milimita 16 hutoa duara dogo la nuru. Sensa ya kijana ni kubwa kuliko picha hiyo, kwa hiyo pembe nne za picha huingia giza, na ukiweka kamera yenye sensa kubwa zaidi utaona duara tu katikati kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Dawa ipo. Baadhi ya kamera zaweza kuamrishwa zitumie sehemu ya katikati ya sensa peke yake, na baadhi ya lenzi za kuvuta mbali hutoa duara kubwa kuliko zilivyoandikiwa.

Lenzi aliyoitaka kijana haikuwa ya aina hiyo. Ilikuwa ya sinema kubwa, yenye mdomo wa kampuni ya Arri ya Ujerumani uitwao PL. Huo una umbali wa milimita 52. Hapa mambo ni kinyume, kwa kuwa nafasi ipo tele, adapta ya takriban milimita 33 hujaza pengo, na duara la nuru latosha na kuzidi. Kwa maana hiyo muuzaji hakusema uongo. Ila hakusema yote. Kamera za zamani zenye kioo cha kuinuka ndani zina umbali mkubwa, kwa mfano milimita 44 kwa Canon EF, na sehemu ya nyuma ya lenzi ya PL yaweza kukipiga kioo hicho ikakivunja. Kamera ya kijana haina kioo, kwa hiyo alinusurika na balaa hilo. Lakini lenzi nyingi za namna hiyo zina uzito wa kilo na zaidi, na mdomo wa kamera ndogo haukuumbwa kubeba mzigo huo bila fimbo za kuushikilia kwa chini. Tena lenzi hizo za kale hazizungumzi na kamera, maana hazina umeme ndani. Kufokasi ni kwa mkono, kufungua tundu la mwanga ni kwa mkono, na bibi harusi hangoji mtu azungushe pete.

Nilimshauri kijana apande matatu ateremke Mombasa na kamera yake mwenyewe, aiweke lenzi hiyo juu yake kabla ya kulipa hata senti moja, apige kitu cha karibu na cha mbali, aimulike kwa tochi aone kama kuvu imeota ndani. Kuvu ni adui wa lenzi, pwani kwenye unyevu na huku kwetu kwenye ukungu vilevile. Alikwenda, akapima, akarudi. Lenzi ilikaa, na picha ilikuwa nzuri, lakini fimbo, adapta na vikorokoro vingine vingehitaji ng'ombe wa pili. Alinunua badala yake lenzi ndogo ya zamani ya mdomo wa C, ya milimita 50, kwa fedha aliyokuwa nayo mfukoni. Ng'ombe yuko zizini.

Mtego kama huo haukuanza leo. Ulikuwapo tangu siku za Bolex. Mwaka 1956 Paillard walitoa Bolex ya aina mpya, inayomwezesha mpiga picha kuona kupitia lenzi yenyewe. Ndani yake walitia bonge la kioo linalochepua sehemu ya nuru kuipeleka jichoni. Bonge hilo liliibadili njia ya nuru, kwa hiyo lenzi za kawaida za mdomo wa C zilizo chini ya milimita 50, zikifunguliwa sana, zilitoa picha zenye ukungu, ingawa hesi iliingia bila taabu. Ilibidi kununua lenzi zilizopigwa alama ya RX. Mafundi wa nyakati hizo walijua pia kwamba lenzi ya Nikon ya kamera ya picha za kawaida huweza kufungwa juu ya Bolex kwa bomba la milimita 29 hivi, na ile ya milimita 50 ikawa ya kuvuta mbali. Kuingia si kukubaliana, kama vile wawili kuwa chumba kimoja si lazima wawe wamepatana.

Tumrudie marehemu. Mwaka 1966 alikamatwa Unguja kwa ajili ya kazi yake, akafungwa gerezani karibu mwezi mzima. Baada ya hapo maskani yake yakawa Nairobi, na Camerapix ikahamia huko. Tarehe 5 Julai 1969 Tom Mboya alipopigwa risasi katikati ya mji, Mohamed Amin alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika na kamera. Picha zake za siku ile ndizo zilizoionyesha dunia msiba wa Kenya, na wakubwa wa kazi hiyo huko Uingereza wakamtunuku kuwa mpiga picha wa mwaka.

Katika miaka ya 1970 alifanya kazi ambayo Waislamu wa pwani wana haki ya kuienzi. Aliupiga picha mji wa Makka na ibada ya Hija, mahali ambapo wapiga picha wengi mashuhuri wa Ulaya wasingeweza kukanyaga, na mwaka 1978 akatoa kitabu cha picha hizo. Majumba mengi ambayo hayajapata mtu wa kwenda kuhiji yaliweza kuona umati unaotufu katika picha za mtoto wa mwashi wa reli. Wala reli yenyewe hakuisahau. Mwaka 1986 alishirikiana na wenzake kutoa kitabu juu ya njia ya reli ya Afrika Mashariki, njia ile ile ipitayo Voi, chini ya milima hii ninayoandikia.

Kazi iliyomweka katika historia ni ile ya Oktoba 1984. Alikwenda kaskazini ya Ethiopia, Korem na Mekele, pamoja na mwandishi Michael Buerk wa BBC. Maelfu kwa maelfu ya watu walikuwa wamekusanyika uwanjani wakifa kwa njaa na baridi. Mohamed Amin hakupiga picha kutoka mbali. Aliwakaribia kama alivyozoea enzi za kisanduku cha shilingi 40, akaishusha kamera usawa wa nyuso zao, akaenda taratibu, uso baada ya uso. Picha hizo zilionyeshwa na BBC tarehe 23 Oktoba 1984, kisha zikachukuliwa na vituo vya televisheni zaidi ya 400 duniani. Watu ambao hawakupata kulisikia jina la Korem walitoa fedha, chakula na ndege. Tamasha kubwa la muziki la Julai 1985, lililofanyika London na Philadelphia kwa siku moja, chanzo chake ni picha hizo.

Yaliyomfika baadaye yangemkalisha mtu mwingine nyumbani. Mwezi Juni 1991, baada ya serikali ya Mengistu kuanguka, ghala la silaha lililipuka mjini Addis Ababa. John Mathai, mwenzake aliyekuwa akinasa sauti, alifariki hapo hapo. Mohamed Amin alipoteza mkono wa kushoto. Kwa mpiga picha wa sinema mkono wa kushoto ndio unaozungusha lenzi huku wa kulia ukishika kamera, basi wengi walidhani kazi imekwisha. Yeye alitafuta mkono wa bandia uliotengenezwa mahususi ili aweze kuendesha kamera, akarudi kazini. Kwa miaka mingi alikuwa akibadili lenzi ili zipatane na kamera. Safari hii alibadilishwa yeye, ili apatane na chombo chake, na kazi ikaendelea.

Mauti yalimkuta njiani. Tarehe 23 Novemba 1996 alipanda ndege ya Shirika la Ethiopia kutoka Addis Ababa kuja Nairobi. Watu watatu waliiteka, wakataka ipelekwe Australia, ingawa rubani aliwaeleza kwamba mafuta hayatoshi. Ndege ilikwisha mafuta ikaangukia baharini karibu na Mitsamiouli, Ngazija, mbele ya macho ya watu waliokuwa ufukweni. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walifariki. Waliookoka walieleza kwamba Mohamed Amin alikuwa amesimama akizungumza na watekaji mpaka dakika za mwisho. Alikuwa na umri wa miaka 53. Watu wa Ngazija, ndugu zetu katika dini na lugha, ndio waliokimbilia na ngalawa na mashua zao kuokoa walio hai na kuwatoa maiti.

Ukiyapima maisha yake utaona kwamba vyombo vyake havikudumu. Brownie iliachwa, Bolex ikaachwa, mikanda ya filamu ikapisha vidio, na leo vidio ya siku zake imepishwa na dijitali. Lenzi nzuri huhamia kiwiliwili kipya, mradi mtu apime umbali na asidanganyike na hesi iliyoingia. Lakini kilichohamia kutoka chombo hadi chombo katika mkono wa Mohamed Amin, na hata mkono wenyewe ulipokatika hakikukatika, kilikuwa ile hatua moja ya kumkaribia binadamu mwenzake kabla ya kubonyeza. Hiyo haina adapta, wala haiuzwi dukani.

Mwenyezi Mungu amrehemu, amsamehe, na amlaze mahali pema. Amin.